Umepitia Wapi Ukitoka Msibani?

"Afande! Afande, tumempata!"

Koplo Magbanua alikuwa amepiga magoti katikati ya gati la Punta Santelmo. Sanduku la mtalii lilikuwa wazi mbele yake, soksi na nguo za kuogelea zimetapakaa hadi miguuni mwa watu. Mikono yake miwili ilikuwa juu, imeshika sanamu ya Bikira wa Mawimbi: joho la buluu, uso mweupe, taji ndogo. Umati ukapiga yowe. Bendi ya matarumbeta, iliyokuwa imechoka kungoja juani, ikaanza kupiga bila kuambiwa na mtu.

Inspekta Felisa Katigbak alikuja mbio, akaruka kamba za ngalawa, nusura amkanyage mpiga ngoma. Akaipokea sanamu. Ilikuwa nyepesi kama mkate. Akaigeuza juu chini, akaikwaruza kisigino kwa ukucha. Unga mweupe ukamwagikia kiatu chake.

"Plasta," akasema. "Koplo, umemkamata Bikira wa dukani. Wanauzwa pale mlangoni mwa kanisa, pamoja na fulana."

"Lakini amefanana, Afande!"

"Kafinyangwa ili afanane. Mrudishie mama wa watu soksi zake, na umwombe radhi."

Mama wa watu, mtalii kutoka Korea, hakuonekana kukasirika hata kidogo. Aliomba apigwe picha na koplo.

Bikira wa kweli alikuwa wa mbao ngumu, uso na mikono ya pembe ya ndovu, ukubwa wa mtoto mchanga na uzito wa jiwe la kusagia. Tangu enzi za Wahispania alikaa ndani ya kabati la kioo katika kanisa la mawe ya matumbawe, na kila mwaka, siku kama ya leo, alitoka kwa ngalawa, akazungushwa ghuba yote, akarudishwa kwake. Ngalawa zilishapambwa. Watu walishajaa kutoka pande zote za mkoa. Bikira ndiye aliyekosekana. Jana alfajiri kabati lilikutwa tupu, kitasa hakijavunjwa, na ufunguo ukaokotwa barazani.

Felisa alikuwa amefunga gati tangu saa ile. Askari wake walikuwa wamepekua kila mahali watalii wanapopelekwa: mapangoni, ngome ya kale, mashamba ya chumvi. Mnara wa taa tu haukuingiwa, kwa sababu ulifungwa kwa matengenezo tangu tetemeko la ardhi, na kufuli lake lilikuwa limeshika kutu, halijaguswa.

"Inspekta!" Meya alikuwa anakuja, shati lake la sherehe limemganda mgongoni. "Maji yakijaa, nafungua gati."

"Mheshimiwa, nikifungua, anaondoka naye."

"Nani anaondoka? Mwizi unaye. Yule mama mwenye ufunguo."

"Aling Pacing si mwizi."

"Basi nionyeshe mwingine! Nina wageni hapa wanabadilika rangi kwa jua. Maji yakijaa, ngalawa zinaondoka, Bikira awepo asiwepo. Na Aling Pacing anapanda gari kwenda jela ya mkoa."

Felisa akatazama nguzo za gati. Chaza wa chini walishafunikwa. Wa juu walikuwa bado wakavu, wanameremeta.

"Mpaka chaza wa juu, Mheshimiwa," akasema. "Wakizama, fanya utakalo."

*

Aling Pacing alikuwa amekaa ofisini kwa paroko, miwani puani, joho jipya la Bikira magotini. Alikuwa anashona lulu kwenye upindo. Polisi wawili walikuwa wanamlinda, na mmoja wao alikuwa anamshikia uzi.

Mamaye Aling Pacing alimvalisha Bikira, na bibi yake kabla ya hapo. Ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo huo na ya mtu mwingine hapana.

"Aling Pacing, turudi msibani," Felisa akasema, akavuta kiti.

"Turudi, mwanangu. Nimesharudi mara ngapi?"

"Begi lako lilikuwa wapi?"

"Kwenye kiti, nyuma yangu. Juzi usiku nilikuwa naongoza rozari ya marehemu Mang Temyong. Amepiga kengele za kanisa hili maisha yake yote, maskini. Sasa nimshike Mungu au nishike begi?"

"Na ufunguo ulikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani."

"Nyuma yako alikaa nani?"

"Mji mzima ulikaa nyuma yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mbele."

Polisi mwenye uzi akacheka, akaona jicho la Felisa, akaacha.

"Ukatoka, ukaenda wapi?"

"Nikapitia hapa kanisani. Nikasimama barazani, nikakung'uta sketi, nikaenda zangu kulala."

"Hukuingia ndani?"

"Niingie kufanya nini? Bikira alishalala."

"Na ufunguo umeokotwa papo hapo barazani."

"Ndivyo mnavyosema." Aling Pacing akakata uzi kwa meno. "Mwanangu Felisa, jela siogopi. Kuna mpwa wangu kule, anapika. Lakini wakimpata Bikira na mimi sipo, nani atamvalisha? Mwanamume haruhusiwi kumwona bila joho. Atabebwa na nguo ya mwaka jana kama yatima, mbele ya watu wote hawa."

Sindano ikaingia tena kitambaani. Mkono ulikwenda sawa, mshono kwa mshono. Felisa alikuwa ameona mikono ya wezi wengi, na huu haukuwa mmoja wao.

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kanisa. Magbanua alikuwa anamngoja na vipande viwili vya bibingka, mkate wa mchele na nazi, bado vya moto kwenye jani la mgomba.

"Kula, Afande. Uso wako umekuwa kama hati ya kukamatia."

"Mtu aliyechukua ufunguo alikuwa msibani," Felisa akasema. "Aliutoa begini wakati wa rozari, akaja hapa, akafungua, kisha akautupa barazani ili mwenye begi abebeshwe na wizi. Aliyetutupia Aling Pacing ni mtu aliyekaa nyuma yake."

"Na waliokaa nyuma yake tumewahoji wote asubuhi. Kule kule kwenye jeneza."

Kweli walikuwa wamewahoji huko, maana mjane wa Mang Temyong alikataa mtu yeyote aondolewe kabla ya sala. Felisa akafumba macho, akawapitisha tena mmoja mmoja. Fundi wa injini: alitoka msibani, akapitia kituo cha mafuta kupiga soga. Mwalimu wa kwaya: alipitia kwa muuza tambi, akala bakuli moja. Ndugu wawili wavuvi: walipitia hapo hapo kwa tambi, wakagombana juu ya nani alipe. Mke wa daktari: alipitia kwenye duka la mikate. Dindo Arciaga, yule kijana anayewatembeza watalii: moja kwa moja nyumbani. "Nina mtoto wa wiki tatu, madam," alikuwa amesema, akitabasamu. "Nitazurura vipi?" Felisa alikuwa ametabasamu naye, kwa sababu na yeye alikuwa na binti wa miezi minane nyumbani, na alimpenda mwanamume anayewahi kwa mtoto wake.

"Muuza tambi," Magbanua akasema na bibingka mdomoni, "angempelekea Mang Temyong shada la maua. Hajawahi kuuza vile."

Simu ya Felisa ikalia. Alikuwa mama yake.

"Umekula?"

"Nakula, Inay."

"Tala amemaliza maziwa yote, kanyea nguo mbili, anacheka. Sasa nisikilize. Jirani kaniambia leo umeshinda nyumbani kwa marehemu."

"Nilikuwa kazini, Inay."

"Kazi ndiyo nini? Marehemu anajua kazi? Usije hapa moja kwa moja, Felisa! Pitia kwanza mahali. Pitia sokoni, pitia popote pale, ukae kidogo, umwache huko. Mtu hatoki msibani akaja kumbeba mtoto mchanga huku maiti kamning'inia begani. Baba yako alikuwa akilewa hata jina lake hakumbuki, lakini kupitia mahali alikuwa hasahau!"

Felisa akaacha kutafuna.

"Inay. Sema tena hayo ya baba."

"Niseme nini? Kwamba alikuwa mlevi? Mji wote unajua."

"Inay, nakupenda."

"Umekunywa nini wewe?"

Lakini Felisa alishakata simu. Alikuwa amesimama, na bibingka ilikuwa chini, na kuku wa paroko walikuwa wameshaifikia.

"Koplo. Kwa nini watu walipitia kwa muuza tambi?"

"Njaa, Afa..." Magbanua akasita. "Si njaa. Kumwacha marehemu njiani. Kama kawaida."

"Wote walipitia mahali?"

"Wote. Hata mimi leo nimepitia kwa bibi wa bibingka. Unadhani nilitoka kwenye jeneza nije hivi hivi?"

"Nani hakupitia?"

Magbanua akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Chembe ya nazi ilikuwa imemganda kwenye mdomo wa chini.

"Baba wa mtoto wa wiki tatu," akasema polepole.

"Baba wa mtoto wa wiki tatu! Mwenye kila sababu ya kupitia mahali kuliko sisi sote. Nami nikamsikia, nikamchekea." Felisa alikuwa anashuka ngazi mbili mbili. "Alipitia, Koplo. Hakuna baba katika mkoa huu ambaye angethubutu kuacha. Alipitia mahali ambapo hataki tupajue."

"Angesema tu alipitia kwa tambi!"

"Muuza tambi anamjua kila aliyekula kwake usiku ule, na aliyekula kwa mkopo anamjua zaidi. Uongo mwepesi ulikuwa huo wa nyumbani. Ni mtamu, unampendeza polisi mwenye mtoto."

"Tukamkamate!"

"Kwa kosa gani? Kutokula tambi? Atasema alisahau kutuambia, atataja kichaka chochote, na chaza watazama." Akapanda kwenye pikipiki ya kigari iliyokuwa imeegeshwa kivulini, akamgonga dereva begani. "Twende kwa mama mkwe wake."

*

Nyumba ya Dindo ilikuwa ya mbao, nyuma ya shule. Kwenye kamba kulikuwa na safu ya nepi za kitambaa, kila moja imezungushiwa uzi wa kijani ukingoni. Barazani, bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe alikuwa anapunga pepeo juu ya machela ya kitambaa, na ndani ya machela mtoto alikuwa analia, kilio kile cha kukatika katika cha mtoto aliyelia muda mrefu.

Felisa akasimama nje ya kizingiti.

"Siingii, Lola Sepa. Nimetoka kwa marehemu."

"Una adabu." Bibi akamkagua tangu kofia hadi viatu. "Polisi wengine wangeingia na mabuti yao. Sema kutoka huko huko."

"Mtoto ana nini?"

"Hatujui. Analia tangu jana. Tumbo si gumu, homa hana. Analia tu."

Felisa alijua watoto wa umri ule hulia kwa sababu yoyote na bila sababu. Alijua pia kwamba Lola Sepa hangekubali neno hilo.

"Lola, mkwe wako alipotoka msibani kwa Mang Temyong, ulimwuliza amepitia wapi?"

"Nilikuwa nimesinzia. Nilimsikia tu akimchukua mtoto kumbembeleza. Kwa nini?"

"Ametuambia alikuja moja kwa moja."

Pepeo likasimama hewani.

"Amesema nini?"

"Moja kwa moja nyumbani. Nimemsikia kwa masikio yangu, na koplo alikuwepo."

"Alikuwepo," Magbanua akasema, akajificha kidogo nyuma ya nepi.

Lola Sepa akainuka. Hakuwa mrefu, lakini ile baraza ilionekana kupungua. "Luningning!" akaita ndani. "Njoo umshike mwanao, na umsogeze kwenye moshi wa majani ya mpera. Natoka." Akavaa kandambili, akazivua, akachukua moja mkononi. "Nipelekeni aliko."

*

Chaza wa juu walikuwa wanalambwa na maji. Dindo Arciaga alikuwa ukingoni mwa gati, kofia pana kichwani, anagawa majaketi ya kuokolea kwa watalii na kuwachekesha kwa lugha zao tatu. Meya alikuwa amesimama karibu na kamba iliyofunga njia, mkono wake tayari umeshika fundo.

"Dindo!"

Aligeuka na tabasamu. Tabasamu likamwona mama mkwe likapungua.

"Inay? Mbona..."

"Ulimbeba mtoto?"

"Nini?"

"Usiku ule wa msiba. Ulitoka kwenye jeneza ukaja kumbeba mjukuu wangu?"

Watu wa karibu wakageuka. Mpiga tarumbeta akaishusha tarumbeta yake. Kila mtu pale alijua linaloulizwa, na hata watalii waliona kwamba jambo limetokea.

Dindo akamtazama Felisa. Felisa alikunja mikono tu.

"Inay, tuongee nyumbani," Dindo akasema kwa sauti ya chini.

"Tuongee hapa! Umewaambia polisi ulikuja moja kwa moja. Mtoto analia tangu jana, hanyamazi, nami nampaka mafuta ya tumbo kama mjinga! Kumbe umemletea maiti kitandani! Mtoto wa wiki tatu, Dindo! Hata utosi wake haujafunga!"

"Inay, sikuja..."

"Ulikuja moja kwa moja au hukuja?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Dindo chini ya kofia. Kumdanganya Inspekta kulikuwa rahisi. Sasa alitazama upande wa nyumba yake, kana kwamba angeweza kumsikia mtoto kutoka pale, na uso wake ukabomoka.

"Nilipitia, Inay! Naapa nilipitia!"

"Wapi?"

"Mnarani! Mnara wa taa! Nilipanda mpaka juu, nikakaa, nikakung'uta nguo zote. Kila kitu nilikiacha kule. Naapa kwa kichwa cha mwanangu, sikuleta kitu nyumbani!"

Gati lote likageukia mnara. Maji tu yalikuwa yanapiga chini ya mbao.

"Kila kitu ulikiacha kule," Felisa akasema.

Dindo akafumba macho.

"Mlango una kufuli lenye kutu. Uliingilia wapi?"

"Dirisha la nyuma," akajibu, sauti imekauka. "Mbao zimeoza." Kisha akakaa juu ya rundo la majaketi. "Mtoto hana neno, Inay. Hana neno. Nilipitia."

Lola Sepa akampiga kandambili ya bega, moja, kali. Halafu akainama, akamfuta uso kwa upindo wa gauni lake. "Mpumbavu," akasema. "Mpumbavu mkubwa. Lakini ulipitia."

Jina la mnunuzi alilitaja kabla hajaulizwa. Hawakuhitaji kwenda mbali: alikuwa ameshakaa ngalawa ya tatu, kati ya watalii wengine, jaketi limefungwa vizuri hadi kidevuni, anajifanya anatazama samaki. Bikira alikuwa akabidhiwe kwake katikati ya maandamano ya ghubani, ngalawa zikipita chini ya mnara, wakati wa matarumbeta, wakati kila mtu anatazama pengine.

"Mheshimiwa," Felisa akamwambia Meya, "achia mkono hilo fundo."

Meya akaachia.

*

Felisa alipita dirishani wa kwanza, Magbanua akakwama kiunoni, akasukumwa. Ngazi za mnara zilizunguka na kuzunguka, popo wakaamka, chokaa ikawadondokea. Juu kabisa, chini ya taa ya kale isiyowaka, nyuma ya magunia ya mafundi, kulikuwa na kifurushi.

Nepi ya kitambaa. Ukingoni, uzi wa kijani.

Felisa akapiga magoti, akafunua pembe moja. Macho ya kioo yakamtazama kutoka kwenye uso wa pembe ya ndovu, uliopasuka nyufa nyembamba kama utando wa maziwa. Magbanua akageuka haraka ukutani.

"Amevaa, Afande? Nisije nikaona."

"Amevaa, Koplo. Geuka."

Chini ya shingo, Dindo alikuwa ameweka nepi nyingine, imekunjwa, ili kichwa kisilale vibaya. Felisa aliitazama kwa muda. Kisha akamwinua Bikira, mkono mmoja chini ya kisogo, kama anavyobebwa mtu ambaye shingo yake bado haijakaza, na akashuka naye ngazi zote hivyo hivyo. Magbanua alitangulia, anapiga kelele: "Njia! Njia! Tunashuka na mama!"

Huku chini maji yalikuwa yameshajaa. Chaza hakuonekana hata mmoja. Wanawake wa mji walikuwa wamezungusha mashuka gatini kama ua, na katikati yake Aling Pacing alikuwa anangoja na joho mkononi. Hakuna aliyekuwa anamlinda. Polisi mwenye uzi alikuwa nje ya mashuka, amegeuza mgongo, bado ameshika uzi.

Aling Pacing akampokea Bikira. Akanusa nepi, akaangalia uzi wa kijani, akatikisa kichwa.

"Angalau alimfunika," akasema. "Mashuka juu! Nani anachungulia? Mheshimiwa Meya, geuka!"

Bendi ikapiga. Safari hii waliambiwa.

*

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Felisa alipofika kwake, chokaa nywelani na mabegani. Tala alimwona kutoka mbali, akapiga makelele, mikono yote miwili mbele.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Mkono mwingine ulikuwa umeziba njia, kutoka mwimo hadi mwimo.

"Umepitia wapi?"

"Mnarani, Inay."

"Ulikaa?"

"Nilipanda mpaka juu."

Mama yake akamchunguza, akamnusa, akapangusa chokaa begani kwake kwa vidole viwili. Kisha akaondoa mkono mlangoni.

"Haya," akasema. "Mshike mwanao."